Kikosi cha Mada: Kanuni Kwanza, Majina Baadaye

(Hotuba kwa wachezaji, walimu wa michezo na wapenzi wa kriketi, Dodoma)

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa michezo, wazee mliokaa mbele na vijana mliojazana huko nyuma: ahsanteni kwa kuja. Mada yetu leo ni kupanga kikosi cha kriketi cha wakati wote, yaani wachezaji kumi na mmoja kutoka historia nzima, lakini kile kinachopangwa kwa mada maalumu. Wengine huuchukulia upangaji huu kama mchezo wa kupitishia jioni. Sisi tunaona ni njia nzuri kuliko zote za kuijua historia ya kriketi, kwa sharti kwamba upange kwa nidhamu.

Kikosi bora cha wakati wote cha kawaida hakina kazi. Mwite mtu yeyote anayeijua kriketi, atakutajia Bradman, Sobers, Tendulkar, Warne, na ndani ya dakika mbili amemaliza. Orodha yake na ya jirani yake zitafanana kwa majina manane au tisa. Hakuna aliyefungua kitabu, hakuna aliyejifunza jina jipya. Ukisema badala yake, "nipeni kikosi cha watu waliozaliwa nchi zisizojulikana kwa kriketi," hapo watu watakuna vichwa. Freddie Brown, nahodha wa Uingereza, alizaliwa Lima, Peru. Ted Dexter, Milan, Italia. Donald Carr, Wiesbaden, Ujerumani. Geraint Jones, mlinda wiketi wa Uingereza mwaka 2005 (anayesimama nyuma ya vijiti kudaka mipira), alizaliwa Papua New Guinea, na Moises Henriques wa Australia alizaliwa Funchal, kisiwani Madeira. Kila jina linakuja na safari yake: babake alikuwa askari, au mfanyabiashara, au mwalimu. Unaanza na kriketi, unajikuta umeingia kwenye historia ya dunia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Tutachukua mada moja tuipike mpaka iive, maana kutaja mada ishirini juu juu hakumfundishi mtu kitu. Mada tuliyoichagua inatuhusu sisi: wachezaji waliozaliwa Afrika wakacheza mechi za Testi, zile ndefu za hadi siku tano kati ya nchi na nchi, kwa nchi za mabara mengine.

Hatua ya kwanza ni kuandika kanuni, na iandikwe kabla jina lolote halijatajwa. Hapa ndipo vikosi vingi huharibikia. Mtu ana mchezaji wake anayempenda, anatunga kanuni ya kumwingiza, halafu anaipindapinda kila anapokwama. Matokeo yake ni orodha ya marafiki zake. Kanuni iwe sentensi moja ambayo mtu mwingine akipewa, ataweza kusema "huyu anaingia, huyu haingii" bila kukuuliza wewe.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa hili: aliyezaliwa Afrika, akacheza Testi kwa nchi isiyo ya Afrika. Sikilizeni kinachotokea. Andrew Strauss, mzaliwa wa Johannesburg, Testi 100 kwa Uingereza. Kevin Pietersen wa Pietermaritzburg, Testi 104 na mikimbio (alama za mpigaji) 8,181. Tony Greig, Allan Lamb, Robin Smith, Jonathan Trott, Basil D'Oliveira. Walinda wiketi Matt Prior na BJ Watling. Neil Wagner aliyeichukulia New Zealand wiketi 260, yaani aliwatoa wapigaji mara 260. Devon Conway, aliyepiga mikimbio 200 katika Testi yake ya kwanza, uwanja wa Lord's, London, mwaka 2021. Hicho ni kikosi cha kutisha, lakini kimejipanga chenyewe. Afrika Kusini imekimeza chote, na nafasi zimejaa kabla hujafika Nairobi au Lusaka.

Kipimo chetu ni hiki. Majina yanayotimiza kanuni yakizidi 40, mada ni pana mno. Utaishia kuchukua mastaa tu. Yakiwa chini ya 11, hakuna timu. Kati ya 11 na 25 ndipo penye utamu, kwa sababu kila nafasi italazimika kutafutwa. Kwa hiyo tukaibana kanuni: aliyezaliwa Afrika nje ya Afrika Kusini, akacheza angalau Testi moja kwa nchi isiyo ya Afrika.

Kuna swali dogo ambalo lisipojibiwa mapema huzua ugomvi. Tutumie ramani ya leo au ya siku ile mtu alipozaliwa? Phil Edmonds alizaliwa Lusaka mwaka 1951, wakati hakukuwa na nchi inayoitwa Zambia. Graeme Hick alizaliwa mwaka 1966 katika mji uliokuwa ukiitwa Salisbury, leo Harare. Sisi tumefuata ardhi, bendera tumeziacha. Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1942 alizaliwa Tanganyika kwa karatasi, lakini ardhi ni hii hii.

Halafu ijaribuni kanuni kwa watu wa mpakani, kama fundi anavyolipiga chombo ukutani asikie mlio. Mtu mzuri wa kupimia ni John Traicos, aliyezaliwa Zagazig, Misri, mwaka 1947. Alicheza Testi 3 kwa Afrika Kusini mwaka 1970, kisha 4 kwa Zimbabwe kuanzia 1992, na kati ya vipindi hivyo viwili ilipita miaka 22 na siku 222. Katika Testi ya kwanza kabisa ya Zimbabwe, akiwa na miaka 45, alichukua wiketi 5 za India. Moyo unataka aingie. Kanuni inasema hapana, kwa sababu nchi zote mbili alizochezea ni za Afrika. Henry Olonga naye alizaliwa Lusaka, lakini aliichezea Zimbabwe. Nje. Inauma, lakini kanuni inayovunjwa kwa ajili ya mmoja haitaheshimiwa kwa wa pili.

Na mzaliwa wetu wa Dar es Salaam, John Solanky, mchezaji kiraka (anayepiga na kurusha) aliyechezea timu ya kaunti ya Glamorgan, Wales, miaka ya 1970? Naye nje, kwa kuwa hakucheza Testi. Mkitaka aingie, badilisheni kanuni iwe kriketi ya daraja la kwanza (mechi za siku kadhaa, za kaunti zikiwemo) badala ya Testi. Ila mjue kwamba mkifungua mlango huo, wataingia mamia. Hatukuufungua.

Hatua ya pili ni orodha ndefu. Andika kila jina linalotimiza kanuni, zuri na baya, bila kuchagua. Mbele ya kila jina weka mambo manne: mahali alipozaliwa, nchi aliyochezea na idadi ya Testi, nafasi aliyozoea katika upigaji, na anachorusha. Jambo la tatu ndilo watu hulisahau. Mpigaji wa namba tano si mfunguzi, yaani mmoja wa wawili wanaoanza kupiga, kama vile beki wa kati si winga.

Orodha yetu ilikuwa hii. Graeme Hick, Harare, Testi 65 kwa Uingereza, namba tatu au nne, anarusha spini (mipira ya polepole inayopinda ikigusa chini), na mikono yake kwenye slipi, nafasi ya kudaka kando ya mlinda wiketi, ni ya chuma. Mwaka 1988 aliipigia kaunti ya Worcestershire mikimbio 405 bila kutolewa. Gary Ballance, Harare, Testi 23 kwa Uingereza, mkono wa kushoto. Qasim Omar, Nairobi, Testi 26 kwa Pakistan, na ndani yake mna mikimbio 210 na 206, zote pale Faisalabad. Paul Parker, Bulawayo, Testi moja tu kwa Uingereza, mwaka 1981. Hilton Cartwright, Harare, Testi 2 kwa Australia. Colin de Grandhomme, Harare, Testi 29 kwa New Zealand. Katika ya kwanza alichukua wiketi 6 kwa mikimbio 41 dhidi ya Pakistan. Dipak Patel, Nairobi, Testi 37 kwa New Zealand, spini. Phil Edmonds, Lusaka, Testi 51 kwa Uingereza na wiketi 125, spini ya mkono wa kushoto. Derek Pringle, Nairobi, Testi 30 kwa Uingereza. Neal Radford, Luanshya, Testi 3 kwa Uingereza.

Hesabuni. Ni kumi. Na tazameni tena: hakuna mlinda wiketi.

Hapo ndipo tunapotaka mkae kidogo, maana mlinda wiketi ndiye shimo ambalo takribani kila kikosi cha mada hutumbukia. Sababu yake ni hesabu tu. Timu ina wapigaji watano au sita na warushaji wanne au watano, lakini mlinda wiketi ni mmoja, naye akiwa mzuri hushika nafasi miaka kumi. Nchi inayocheza Testi 100 huenda imetumia wapigaji wengi sana lakini walinda wiketi wachache. Kwa hiyo mada yoyote inayopunguza idadi ya watu, huwapunguza wao kwanza. Dawa yake ni kuanza kutafuta kutoka huko. Kabla hujaipenda mada, jiulize: nani atasimama nyuma ya wiketi? Ukikosa, ama ulegeze kanuni waziwazi, ama uitupe mada. Kumweka mpigaji yeyote nyuma ya wiketi kwa kuwa eti aliwahi kuvaa glavu shuleni ni kuharibu kazi yote: mipira ya spini itapita, na wapigaji wa upande wa pili watatoka nje ya mstari bila hofu ya kung'olewa.

Sisi mlinda wiketi tulimpata Ireland. Peter Moor, mzaliwa wa Harare, alicheza Testi 8 kwa Zimbabwe, kisha akahamia Ireland na kuichezea Testi kuanzia mwaka 2023. Je, anatimiza kanuni? Isomeni tena: "akacheza angalau Testi moja kwa nchi isiyo ya Afrika." Haisemi kwamba asiwe ameichezea nchi ya Afrika. Anaingia bila kupinda neno lolote. Na kanuni hiyo hiyo ndiyo inayomlinda Ballance, ambaye baada ya Uingereza alirudi nyumbani na mwezi Februari 2023, pale Bulawayo, akaipigia Zimbabwe mikimbio 137 bila kutolewa. Baada ya Kepler Wessels, yeye ndiye wa pili kupiga mikimbio 100 katika Testi kwa nchi mbili. Kama tungeandika "asiyewahi kuichezea nchi ya Afrika", tungewapoteza wote wawili, na kikosi kingekufa pale pale. Maneno machache katika kanuni yana uzito wa wachezaji wawili.

Hatua ya tatu ni kuwapanga. Nafasi za kawaida ni wafunguzi wawili, wapigaji watatu au wanne wa kati, kiraka mmoja au wawili, mlinda wiketi, na warushaji wanaoweza kumaliza ova 90 za siku (ova moja ni mipira sita). Kosa linalojirudia ni kuchukua wapigaji bora sita bila kuangalia wanapopiga: unajikuta na wafunguzi wanne au huna hata mmoja. Kwetu shida ni ya pili. Moor amefungua kwa Ireland, sawa. Mwenzake tumemchukua Qasim Omar, aliyezoea namba tatu. Kumpandisha mtu nafasi moja hakuumizi sana; anauzoea mpira mpya hata hivyo, kwa sababu mfunguzi akitoka mapema namba tatu huingia ova ya pili. Kumpandisha namba sita kwenda kufungua ni ukatili.

Basi mpangilio ni huu: Moor, Omar, Ballance, Hick, Parker, Cartwright, de Grandhomme, Patel, Pringle, Edmonds, Radford.

Nahodha ni Parker. Tunajua mtapiga kelele: Testi moja, mikimbio 13 kwa jumla! Lakini aliiongoza kaunti ya Sussex, na alikuwa mdakaji hodari uwanjani. Katika kikosi cha mada, unahodha unapimwa kwa aliyewahi kuubeba, kwa sababu hakuna kipimo kingine cha haki kati ya watu waliocheza zama tofauti.

Udhaifu wa kikosi hiki tuuseme wazi, maana kikosi kisichotajwa udhaifu wake bado hakijachunguzwa. Kwanza, hakuna kasi. Pringle, Radford, de Grandhomme na Cartwright wote ni wa kasi ya wastani au juu yake kidogo. Hakuna wa kumtisha mtu. Pili, mpigaji wa kushoto ni Ballance peke yake. Mrushaji wa spini ya mkono wa kushoto kama Derek Underwood, mwenye wiketi 297 za Testi, atautoa mpira nje ya gongo kwa watu kumi, na atafurahi sana siku hiyo.

Ndiyo maana hatua ya nne ni kuchagua uwanja. Kikosi bila uwanja ni orodha tu. Tuseme mechi inachezwa hapa hapa Dodoma, mwezi wa nane. Mvua ilikatika zamani, udongo ni mkavu na unapasuka, upepo unavuma mchana kutwa, na tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi kidogo, mpira uliopigwa juu unasafiri mbali. Kwa uwanja huo, timu isiyo na kasi lakini yenye spini za aina mbili iko nyumbani. Ova 90 tungezigawa hivi: Edmonds 25, Patel 20, Pringle 15, Radford 13, de Grandhomme 12, Hick 5. Nusu ya kazi ni ya Edmonds na Patel. Radford apewe upande wenye upepo mgongoni. Spini zirushwe kuelekea upepo, kwa sababu upepo wa usoni huuchelewesha mpira na kuupeperusha hewani kabla haujagusa chini.

Kuhusu kulinganisha zama, tuseme kidogo. Msiamini wastani peke yake. Andy Ganteaume wa West Indies ana wastani wa 112 katika Testi, juu ya 99.94 ya Bradman, kwa sababu alipiga mara moja tu, mwaka 1948, akapata 112, na hakuitwa tena. George Lohmann alichukua wiketi 112 kwa wastani wa mikimbio 10.75 tu aliyotoa kwa kila wiketi, lakini hiyo ni kati ya 1886 na 1896, kwenye pitchi (kipande cha ardhi mpira unapodundia) ambazo leo mwamuzi angezifunga. Weka kima cha chini cha mechi kama kikosi kina mada pana, na mlinganishe mtu na wenzake wa wakati wake. Katika mada finyu kama yetu, kima hicho kiache, la sivyo Parker na Cartwright wataondoka na utabaki na tisa.

Mada nyingine za kuanzia zipo. Ipo ya watu ambao alama yao ya juu kabisa katika Testi ni 99: Shane Warne, Mitchell Starc, Alex Tudor aliyebaki na 99 bila kutolewa mwaka 1999, Martyn Moxon, Norman Yardley, Asim Kamal, Maqsood Ahmed, Rusi Surti. Na mumo humo yumo Dipak Patel wa Nairobi, aliyetolewa akikimbia akiwa na 99 dhidi ya Uingereza, Christchurch, mwaka 1992. Wapigaji wapo, spini ipo, kasi ipo. Mlinda wiketi mtafuteni nyie. Ipo pia ya majina yanayosomeka Kiswahili, aliyeanza nayo mtu akimtaja Saba Karim wa India, ikaongezeka Sana Mir, nahodha wa zamani wa wanawake wa Pakistan. Ni tamu, lakini bado haijafika hata nusu ya timu. Mkiendelea nayo, amueni mapema kama wanaume na wanawake wako kapu moja. Sisi tungesema ndiyo.

Kazi ya leo, ambayo karatasi zake ziko mezani, ni Afrika Mashariki ya wakati wote. Kanuni: aliyecheza kwa timu ya pamoja ya Afrika Mashariki, au kwa Kenya, Uganda au Tanzania. Timu ya pamoja ndiyo iliyocheza Kombe la Dunia la kwanza la wanaume mwaka 1975 chini ya nahodha Harilal Shah, ikiwa na Praful Mehta na Shiraz Sumar wa Tanzania. Ilifungwa mechi zote tatu, ndiyo, lakini ilikuwepo. Alikuwamo pia Don Pringle, baba wa Derek tuliyemtaja hivi punde. Baba anaingia kikosi hiki, mwana anaingia kile.

Hatari mnaiona: Kenya itameza kila nafasi, kama Afrika Kusini ilivyotaka kufanya. Kenya ilifika nusu fainali mwaka 2003, na Steve Tikolo ataingia kwa kila kipimo. Kwa hiyo tumeweka sharti la angalau Watanzania wawili na Waganda wawili, na limeandikwa juu ya karatasi kabla hamjaandika jina lolote. Spini msihangaike nayo sana. Aasif Karim wa Mombasa aliirushia Australia ova 8 na mipira miwili, sita kati ya ova hizo hazikutoa mkimbio, akatoa 7 tu na kuchukua wiketi 3, pale Durban mwaka 2003. Frank Nsubuga wa Uganda, akiwa na miaka 43, alirusha ova 4 kwa mikimbio 4 na wiketi 2 dhidi ya Papua New Guinea katika Kombe la Dunia la T20 (mechi fupi za ova 20 kwa kila upande) la 2024. Mmoja mkono wa kushoto, mwingine wa kulia.

Kaeni watu wanne wanne. Mnayo dakika 40. Kundi litakaloanza na mlinda wiketi ndilo tutakalolisikiliza kwanza.